Mabano Yenye Mshangao

Siku ile boti ilipotoka Ujiji kwenda Ilagala, mama yangu mzazi alikuwa amekaa juu ya gunia lake la unga wa muhogo, karibu na injini, na mimi ndiye niliyesoma neno RUHUSA kwenye kompyuta. Naanza na hilo nisije nikajificha nyuma ya maneno mengine.

Mimi ni karani wa boti. Zamani nilikuwa fundi cherehani kule Gungu, nikishona sare za shule mpaka mgongo ulipokataa. Nimesoma hadi darasa la saba, na hilo la saba lenyewe sina uhakika nalo, maana mwaka ule nilikuwa nyumbani kuliko darasani. Kwa hiyo kazi ya kompyuta nilipewa kwa kuaminiwa tu, siyo kwa kujua. Kila asubuhi naandika idadi ya watu na idadi ya magunia, nabonyeza, na neno moja linatokea: RUHUSA kwa kijani au ZUIA kwa nyekundu. Basi.

Programu hiyo aliiandika binti mmoja aliyekulia kambini, wazazi wake wametoka Burundi. Alikuwa akitengeneza kompyuta mjini kabla hajahamia Mwanza. Kabla hajaondoka alinionyesha faili lenye maandishi yake, akasema nilizoee ili nisiliogope. Lugha aliyotumia jina lake ni herufi moja tu, D. Akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja:

uzito!(4500)(watu, magunia)

Nilidhani ameandika kwa hasira. Shuleni tulifundishwa kwamba alama ya mshangao ni ya mtu anayepiga kelele. Moto! Mwizi! Uzito!

Alicheka mpaka akashika meza. "Hapana mama, simgombezi mtu. Hiki ni kiolezo."

Neno kiolezo nilikuwa nalijua. Ni kile kipande cha boksi nilichokuwa nakatia kola, nikikilaza juu ya kitambaa na kukizungushia chaki. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Lakini kwa nini mabano ni mawili, moja na mshangao mbele yake na jingine bila, hilo sikuelewa, na sikuuliza.

Miezi ikapita. Boti ikapandishwa pwani kwa matengenezo, mbao nne zikabadilishwa na kukalafatiwa upya, yaani nyufa zake kuzibwa kwa pamba. Fundi akamwambia mama mwenye boti kwamba mpaka mbao mpya zinywe maji na kukazana, mzigo usizidi kilo elfu tatu na mia mbili. Mama mwenye boti akaniambia, "Badilisha huko kwenye mashine yako." Hakukosea. Aliniambia mapema, tena mara mbili.

Nilimwandikia binti kumuuliza. Alinitumia sauti ndefu kwenye simu. Niliisikiliza nikiwa na foleni mbele yangu, watu wananigongea dirisha, nikasikia hapa: "Fungua faili, ile namba ya kwenye mabano ya mshangao uifute, uandike mpya, uhifadhi." Nikakata. Nikafungua, nikafuta 4500, nikaandika 3200, nikahifadhi. Nilijiona msomi. Nasema kweli, nilijiona msomi.

Asubuhi iliyofuata mama yangu alikuja na gunia lake. Mdogo wake alikuwa mgonjwa Ilagala.

"Mwakeye," alisalimia foleni nzima kwa Kiha, kama kawaida yake, kisha akanigeukia mimi. "Niandike vizuri. Usiniandike kilo nyingi."

"Shikamoo mama. Watu wote tunawaandika sawa."

"Marahaba. Basi huyo wa mbele yangu ananidhulumu. Mwone tumbo lile."

Watu thelathini na wanane, magunia kumi na manne. Nikabonyeza. RUHUSA.

Nahodha alikuja dirishani. Ni mtu wa maneno machache na dharau kidogo. "Dada, mbona boti imelala chini majini hivi? Hebu angalia tena."

Nikabonyeza tena. RUHUSA. Nikamgeuzia kioo aone mwenyewe.

"Haya," alisema. "Kama mashine imeona." Akaenda.

Sijui kwa nini sikupiga hesabu kwa kalamu. Pengine niliona aibu kubishana na kitu nilichokuwa nimekirekebisha mwenyewe.

Ilipofika saa nne, dirisha likiwa tupu, nikaisikiliza ile sauti ya binti tangu mwanzo, kwa sababu jina lake lilikuwa juu kwenye simu na nilitaka kumshukuru. Baada ya pale nilipokuwa nimekata, aliendelea hivi:

"Halafu mama, hapo usiishie. Mabano yale mawili si mapacha. La mshangao ni wakati wa kukata kitambaa. La pili ni wakati wa kuvaa, kila asubuhi watu wapya, magunia mapya. Namba ya mshangao inaingia wakati wa kukompaili, yaani ninapokata nguo kutoka kwenye kiolezo. Nguo ikishashonwa, hata ukirekebisha boksi, ile nguo iliyoko mwilini haibadiliki. Lazima ukompaili upya. Amri nimekubandikia nyuma ya kompyuta."

Miaka yote ile ya kushona! Nani kati ya mafundi anapunguza boksi la kola halafu anategemea shati la mtoto lililoko shuleni lipungue lenyewe? Mimi. Programu iliyokuwa ikisema RUHUSA ilikuwa nguo ya zamani, imekatwa kwa 4500, na haikujua kitu kuhusu mbao mpya.

Nikachukua kalamu. Tulikuwa tumewapeleka watu na kilo zaidi ya elfu moja juu ya kiasi.

Nilimpigia nahodha. Hapatikani. Nilimpigia mama. Hapatikani. Wakishapita ile kona ya kusini, mtandao unakufa. Nikampigia mama mwenye boti, nikamweleza yote bila kupunguza. Akasema, "Mwombe Mungu." Nikashuka mpaka kwenye maji. Ziwa lilikuwa limetulia, na utulivu ule haukunisaidia hata kidogo. Nilikuwa nayatazama maji kama mtu anayemtazama mbwa aliyelala mlangoni. Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa waliniuliza nina nini. Sikuweza kutaja. Niliona nikitaja, itakuwa kweli.

Saa nane ikapita. Saa tisa pikipiki ikateremka njia ya pwani kwa kelele, nyuma kuna gunia, na nyuma ya gunia kuna mama yangu, kanga imelowa hadi magotini.

"Mashine yako imesema nini?" alipiga kelele hata kabla ya kushuka. "Maji yameingia mpaka kwenye unga!"

Nilimshika miguu. Hakuelewa kwa nini nalia, akadhani ni kwa sababu ya unga. Alisema walipopita tu ile kona ya kusini, mbao zikaanza kuvuja, nahodha akaielekeza boti kwenye ufukwe wa jirani na kushusha magunia yote. Mama alikataa kuliacha lake peke yake mchangani, akashuka nalo. Wengine wakaendelea, wakitoa maji kwa ndoo. Jioni nahodha alipiga simu kutoka Ilagala: wote wamefika.

Aliporudi nilimwambia kosa ni langu. Alinisikiliza akitafuna muwa. "Na mimi niliona imelala," alisema, "nikaondoka." Sijui kama alikuwa ananisamehe au anajilaumu, na sitaki kuandika nisichokijua.

Nikaikompaili upya ile programu mbele yake. Kwanza nilikosea: kwa woga niliandika watu ndani ya mabano ya mshangao, nikifikiri ndiko kwenye nguvu, na mashine ikakataa kukata. Ni haki yake. Itakataje kwa idadi ya watu ambao hawajafika? Nikawarudisha watu kwenye mabano ya pili, nikaacha 3200 peke yake kwenye la mshangao, nikaandika ile amri ya nyuma ya kompyuta. Ikakubali. Tukaijaribu kwa mzigo wa siku ile: ZUIA. Tukaijaribu mara ya pili, kisha nikapiga hesabu kwa kalamu.

Safari iliyofuata mama alirudi na gunia jipya. Alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Nikaandika, nikabonyeza. Nyekundu.

"Mama, panda wewe. Gunia libaki."

"Unanizuia mimi? Niliyekuzaa?"

"Siyo mimi, ni..." Nikaishia hapo. Siku ile nilimgeuzia nahodha kioo, mashine ijibu badala yangu. "Ni mimi, mama. Namba nimeiweka mimi."

Mama akalikalia gunia lake pale mchangani, akanipa mgongo, akasema atasubiri boti yenye adabu.

Boti ikaondoka bila yeye.