Nilivyomkatia Umeme Mwanaidi Siku ya Akika

Hili nalisimulia kwa aibu, maana waliokuwepo bado nakutana nao dukani na wanaanza kucheka kabla sijatoa hata salamu.

Tulikuwa tunahama, mimi na mume wangu Hamisi, kutoka fleti namba sita huku ughaibuni, Al Thumama, kwenda jengo la mtaa wa pili, na kazi ya kuhamisha umeme ikaniangukia mimi (Hamisi ni dereva, alfajiri yuko barabarani). Yule binti wa huduma kwa wateja aliniambia mkataba ni uleule, bei haibadiliki, nitume tu namba za mita mbili, ya kukatwa na ya kuwashwa. Sasa mita za jengo la zamani ziko nyuma, juani, na ilikuwa Agosti, nami nimetoka zamu ya kufua mashuka hotelini West Bay, miguu inawaka moto. Nikasema ya nini kujitesa, picha ya mita ninayo kwenye simu. Nikanakili, nikatuma, nikalala.

Kumbe kwenye picha ile kibandiko cha namba ya fleti kilikuwa kimebanduka kikaning'inia kichwa chini, na tisa yake mimi nikaisoma sita.

Namba tisa anakaa Mwanaidi, shoga yangu wa Mombasa, na Alhamisi ile alikuwa na akika ya mwanawe. Nikaenda nimejipamba, wanawake tumejaa sebuleni, pilau ndiyo inapakuliwa, mara AC kimya. Punde tu watu wanajipepea kwa sahani za karatasi na kichanga kinalia. Basi mimi, mjuaji, nikashuka kwa Ssali, mlinzi wa jengo, Mganda mpole sana, Mwanaidi na wageni wananifuata, nikamfokea.

"Umegusa swichi gani wewe? Kuna mtoto mchanga kule juu!"

"Madam, mimi sijagusa kitu. Fundi wa umeme ametoka hapa sasa hivi, karatasi yake ni hii."

Nikaipokonya, nikaisoma kwa sauti ili kila mtu ausikie uongo wake: mita imekatwa kwa ombi la mteja, jina la mteja… Mwanaidi akachungulia begani kwangu.

"Asha! Si jina lako hili?"

Nikapiga simu pale pale, nikaambiwa umeme utarudi kesho asubuhi. (Namba sita, tupu kabisa na funguo nimesharudisha, taa zake zinawaka.) Nikasema, jamani, twendeni kwangu. Tukavuka mtaa na masufuria, Ssali kabeba lile kubwa, tukaingia nyumba ambayo sijafungua hata boksi moja. Wageni wakala pilau wameketi juu ya maboksi ya nguo, na mama mkwe wa Mwanaidi akakaa kwenye godoro lenye nailoni bado, kila akijigeuza linalia kwarakwara. Mtoto, alhamdulillahi, akalala.

Kabla hawajaondoka nikamwita Ssali, nikamwomba radhi mbele ya walewale walionisikia nikimfokea.

"Imeisha, madam," akasema. "Lakini siku nyingine niulize kwanza, ndiyo unipigie kelele."

Tangu hapo mita naifuata mwenyewe, juani, naisoma mara mbili, na mtu simfokei mpaka nijue kosa ni la nani, maana siku ile lilikuwa langu na nililitangaza kwa mdomo wangu mwenyewe.