Kompyuta ya Nyumba ya Eda

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kompyuta hata moja. Nilitoka Mlingotini na cheti kipya mkobani, na Fundi Mkuu wa karakana yetu pale Bagamoyo akaniweka mezani kupokea wateja, eti kwa kuwa nina sauti ya upole. Aliyemdanganya hivyo simjui. Wenzangu waliponizoea walimcheka sana.

Ninyi vijana mnaotengeneza simu kwa kutazama video, jueni kwamba zamani zile kompyuta ya nyumbani ilikuwa mali ya ukoo. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni, ikafunuliwa mgeni akija. Malalamiko mengi yalikuwa ya namna moja: inawaka, kisha inaganda. Fundi Mkuu hakuwahi kuanza na bisibisi, alianza na swali: "Imegandia wapi?" Kama ni kwenye nembo ya kampuni iliyoiunda, mapema kabisa, basi Windows haijafikiwa bado, tatizo litafute kwenye vyuma. Nembo ikishapita, hapo ndipo umlaumu Windows. Mafundi wengi mjini hawakuuliza. Walipiga Windows upya, yaani walifuta kila kitu na kuanza moja, na picha za harusi za watu zikaenda na maji.

Basi ikaja habari ya Bi Zuhura, mjane wa mji mkongwe, aliyekuwa amekaa eda. Marehemu mumewe, mwalimu wa madrasa, alikuwa amejirekodi kwenye kompyuta akisoma Yasini, na sauti ile haikuwepo mahali pengine popote. Kompyuta ikaganda. Fundi mmoja akamwambia kwa simu kuwa itabidi vitu vyote vifutwe. Bi Zuhura akaapa kwamba haivuki kizingiti. Na wenzangu karakana nzima walikuwa wanaume, hawawezi kuingia kwa mwanamke aliye eda. Fundi Mkuu akanigeukia.

"Binti, chukua bisibisi."

Alinisindikiza, akabaki barazani. Ndani nilimkuta Bi Zuhura ameketi mkekani, mkono shavuni. Nikamwamkia, nikampa pole. Aliitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Mwanangu, utaifuta?"

"Sifuti kitu, mama. Nafungua tu nione."

Nilichomoa printa na flashi, maana kifaa kimoja kibovu huweza kuizuia kompyuta nzima isiamke. Nikawasha. Ikagandia kwenye nembo. Nikachomoa umeme, nikafungua sipiyu, kama wateja wanavyoliita boksi lote, na harufu ya udi ikanipokea. Kila Alhamisi marehemu alikuwa akifukiza, na chetezo kilikaa chini ya meza ile ile. Feni ilivuta moshi, moshi ukashikana na vumbi na chumvi ya pwani, ukawa utando wa kunata kila mahali.

Nilipomweleza, Bi Zuhura alianza kulia. Tangu msiba yeye ndiye aliyekuwa akichoma ubani pale, akaona ameiua kwa mkono wake. Nikamwambia hapana, hiyo kazi marehemu ameifanya miaka na miaka, yeye kaimalizia tu, basi na thawabu wagawane. Akacheka huku machozi yanamtoka.

Nilisafisha feni kwa brashi. Nikaitoa ramu, kile kibao chembamba kinachoshika kazi ya kompyuta wakati inawaka, nikayasugua meno yake, pale kinapochomekwa, kwa raba ya penseli, kama nilivyozoea kumwona Fundi Mkuu akifanya. Niliogopa, nawaambieni kweli. Nikakibana mahali pake, nikawasha. Nembo ikaja, ikapita.

Baada ya siku ile sikurudi mezani. Nimetumikia ofisi za Makurunge na shule za Vigwaza, nikawa fundi mkuu mwenyewe, mpaka macho yalipochoka nikastaafu. Namshukuru Mungu, na namshukuru mzee yule kwa kunituma peke yangu na kuniamini. Wajukuu huniuliza kama naikumbuka kazi. Naikumbuka sana, na zaidi naikumbuka saa ile Bi Zuhura aliponiomba nimfungulie sauti.

Kabla ya Yasini, marehemu alikohoa kidogo. Kisha akaita, kama mtu aliye chumba cha pili:

"Zuhura, hebu wafukuze hao kuku mlangoni."

Bi Zuhura akainuka mkekani.

"Abee," akaitikia.