Ndagala Bila Mchanga

Ziwa lilipopanda, lilianza na mchanga wa mama mdogo. Miaka yote alianika ndagala pale ufukweni mwa mji wetu wa Baraka, samaki wadogo wanaong'aa kama sindano. Maji yalichukua kwanza kipande alichoanikia, kisha kipande alichokalia. Mvua nazo zikaacha kufuata miezi yake. Akasema akikosa pa kuanika, atarudi kulima kwa kaka yake, kazi anayoichukia kuliko mamba.

Mimi nilikuwa katibu wa chama chetu cha mtaa: walimu wawili, mshonaji, waendesha pikipiki, bamama wa sokoni. Tulikutana mno.

"Sosiete sivile," mama mdogo alitutania kwa jina la Kifaransa la vyama vya kiraia, "muko na karatasi mingi kuliko samaki. Munipatie basi, nianikie juu yake."

Jumamosi moja tukafanya salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Tulisimika miti mbali na maji, tukatandaza nyavu kuukuu juu yake, vikawa vichanja. Ndagala zikakauka kwa siku moja, safi, zikinukia jua. Nilizitazama kwa majivuno ya mtu aliyepigilia misumari mitatu tu.

Mama mdogo alinuna. "Ndagala bila muchanga, batu ba Fizi batakataa. Batasema si ya Baraka."

"Baonje kwanza, mama."

Tukapanda hadi Fizi, mji wa mlimani anakouza, kwa pikipiki mbili, gunia likiwa nyuma yangu, na ziwa likabaki chini kama kitambaa kilichoanikwa. Sokoni nikapaza sauti: "Bamama, mukuje muonje. Hakuna hata punje moja ya muchanga."

Mnunuzi wa mama mdogo wa miaka mingi alichukua ndagala mbili, akatafuna taratibu. Kila mtu alisikia: kraa.

Akatema kiganjani, akanitazama. "We kijana, muchanga iko sawa na zamani."

Nikamgeukia mama mdogo. Alikuwa akikagua kilima cha mbali.

"Niliweka kidogo," akasema. "Viganja mbili tu. Ili bajue ni mimi."

Mnunuzi alicheka hadi akakalia gunia la muhogo la jirani. "Miaka yote ninaosha hizi ndagala maji matatu, batoto bananilalamikia, na we unaongeza kwa makusudi?"

"Si ni we unaulizaka kila mara kama imetoka kwa muchanga ya Baraka?"

"Nilikuwa naulizia Baraka, mama. Muchanga tuko nayo hapa."

Mama mdogo alisita, kisha akafungua kifurushi alichokifunga ndani ya kitenge chake. Ndagala safi kabisa. Mnunuzi akaonja, akaonja tena.

"Na hizi, ulikuwa unamuwekea nani?"

"Za kwetu nyumbani, nilibeba za kula njiani. Batoto bangu habapendi muchanga."

Hapo hata wauza mahindi waliacha kazi wakacheka. Mnunuzi akaagiza magunia mawili ya juma lijalo, ya kile kifurushi.

Jumamosi iliyofuata mama mdogo alifika kwenye salongo kabla yetu sote, na nyundo ya kuazima. Mkutanoni, kabla ya kazi, aliomba neno kwa mara ya kwanza. Nikaandika.

"Ziwa halijamaliza kutembea," alisema. "Musipigilie misumari. Mufunge na kamba, maji ikija tubebe vichanja tuende mbele. Na kichanja changu murefushe, niko na magunia mbili ya kujaza."

Hakuna aliyebisha. Tukaanza kung'oa misumari.