Shangazi wa Bibi Harusi na Ndege ya Ijumaa

Ukimuulizia Severina wa mafuta pale Kiomboi, utaoneshwa nyumba yake hata na mtu asiyempenda. Mafuta yake ya alizeti hayachanganywi na kitu, na maneno yake vilevile. Atakuambia ulivyo, usoni, kisha atakupimia lita yako na kukuongezea kidogo juu, maana kinyongo hana. Yeye akishasema amemaliza. Tabu ni kwamba aliyeambiwa huwa hajamaliza, na hilo Severina hakuwahi kulifikiria mpaka mwaka huu, alipotaka kwenda Mtwara kumtoa Flora.

Flora ni binti wa kaka yake Urbano, ambaye kazi ya serikali ilimpeleka Mtwara zamani, akalowea huko. Mkewe alipougua kwa muda mrefu, mtoto aliletwa Kiomboi, akasoma shule ya msingi yote akiwa kwa shangazi yake. Severina mwenyewe Mungu alimpa wavulana watupu. Nywele alizojifunzia kusuka ni za Flora, na mtoto wa kike aliyewahi kumchapa kisha akalia naye ni huyo huyo.

Na kwenye ukoo wao kuna jambo lisilo na mjadala. Binti hatoki nyumbani kwenda kuolewa mpaka dada wa baba yake amshike mkono na kumvusha mlangoni. Si mama mdogo, si jirani, si kamati ya harusi. Severina alitolewa hivyo na shangazi yake. Binamu yao mmoja alitolewa na mpangaji mwenzake, na mpaka leo anasemwa, ingawa ana wajukuu. Urbano hana dada mwingine. Kwa hiyo mkono wa Flora ulikuwa wa Severina tu.

Mvua za mwaka huu zikaharibu barabara ya kusini, mabasi ya Mtwara yakawa yanalala njiani, abiria wanapika ugali kando ya barabara. Urbano akasema hawezi kubahatisha. Akamkatia dada yake tiketi ya ndege: Ijumaa asubuhi kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, mchana kutoka Dar hadi Mtwara, na Jumamosi harusi. Severina hakuwahi kupanda ndege maishani. Kiomboi nzima ilijua habari hiyo kabla jua halijazama, kwa sababu alihakikisha yeye mwenyewe.

Tiketi ilikatwa na Godfrey, kijana mwenye duka la steshenari karibu na stendi, anayetoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kuwaombea watoto wa watu nafasi za vyuo. Godfrey ana mtindo wake. Wateja wake wengi ni wazee wenye simu za tochi, hawafungui meseji na laini wanabadilisha kama kanga. Basi kwenye kila tiketi Godfrey hujaza namba yake yeye, ili ujumbe usipotee. Kwa makampuni ya ndege, abiria wote wa wilaya ya Iramba wana namba moja ya simu. Mtindo huo ulikuwa haujawahi kumwangusha, naye aliuona ni wema, na kusema kweli ulikuwa wema.

Jumatano Severina akaenda kuchapishiwa tiketi yake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Nichapie karatasi yangu, baba, nikafunge mizigo.”

Godfrey akaifungua kwenye kompyuta, akasoma. Akafungua tena, kama vile maneno yangeona haya na kujirekebisha.

“Mama, ndege ya asubuhi wameisogeza. Itaondoka Dodoma jioni.”

“Na ile ya Mtwara?”

“Ile imebaki mchana.”

Severina hakusoma sana, lakini mchana na jioni anavijua. “Yaani nitafika Dar wakati ndege yangu imeshakwenda?”

“Ndivyo walivyoandika.”

“Na walioandika wana akili timamu?”

Ujumbe wa mabadiliko ulikuwa umeingia kwenye simu ya Godfrey wiki mbili nyuma. Aliuona ukipita katikati ya matangazo ya bahati nasibu na mikopo ya haraka, akaufuta pamoja na hayo mengine. Alikiri mwenyewe, maskini, tena kwa sauti ndogo, na asingekiri ingekuwa nafuu. Severina alimwambia alivyo mbele ya foleni nzima. Alianza kwa Kiswahili, kikamwishia, akaendelea kwa Kinyiramba, na Kinyiramba hakikumwishia. Aliitaja mashine ya kopi, akaitaja suruali yake inayobana, akamtaja na mwalimu aliyemfundisha kusoma. Watu wa foleni wakawa wanatazama viatu vyao.

Wakapiga simu kwa kampuni ya ndege. Wakaambiwa wabonyeze moja, wakabonyeza; wakaambiwa wabonyeze tatu, wakabonyeza; kisha ukapigwa muziki mpaka salio la Godfrey likakata. Wakanunua vocha, wakaanza upya, muziki ukawa ule ule. Mwishowe akapokea dada mmoja mwenye sauti laini.

“Naongea na abiria Severina?”

Godfrey akakohoa. “Ndiyo.”

“Severina mwenyewe?”

“Nina mafua.”

Severina akampokonya simu. “Severina ni mimi! Huyu ni mtu wa kopi tu. Mmeniharibia ndege yangu, naomba nyingine.”

Dada akaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Usumbufu uliojitokeza! Wanasema hivyo siku hizi, kama vile usumbufu ni nyoka aliyechomoza mwenyewe kwenye nyasi, hakuna aliyemleta. Akasema anaweza kumhamishia Jumapili.

“Jumapili nitakwenda kufanya nini? Kuosha masufuria?”

Dada akasema kwa mabadiliko mengine, kwa vile tiketi ilikatwa na wakala, afike ofisi yao ya Dodoma. Akamtakia siku njema.

Jioni ile Severina, akiwa anafunga mizigo, kila alipokumbuka jambo alilosahau kumwambia Godfrey alichukua simu akampigia. Alipomkumbusha suruali kwa mara ya pili, simu ikakatika. Baada ya hapo kila akipiga anaambiwa mteja hapatikani. Akasema ni mtandao.

Alhamisi akapanda basi la kwanza. Ofisi ya kampuni ile ilikuwa chumba kimoja chenye kiyoyozi na picha kubwa ya ndege ukutani. Nyuma ya kaunta alikaa binti mmoja, Catherine, kucha ndefu, tabasamu limekaa tayari tayari.

“Shikamoo mama. Karibu, nikusaidie.”

Severina akaeleza. Alijitahidi sana kueleza taratibu. Alieleza habari ya Flora, ya mkono, ya mlango, ya binamu yao anayesemwa mpaka leo. Catherine alisikiliza mpaka mwisho, na pale kwenye mlango tabasamu la kazini likamtoka, akabaki na uso wake mwenyewe.

“Hata kwetu iko hivyo, mama,” akasema. “Ngoja nikutafutie.”

Akatafuta, akabonyeza, akampigia bosi wake, akabishana naye kwa heshima. Kampuni ndiyo iliyobadilisha, akasema, abiria hana kosa. Bosi akakubali. Kulikuwa na ndege nyingine kesho alfajiri, na imebaki nafasi moja, ambayo ingemfikisha Dar kabla ya ile ya Mtwara.

Severina akapiga kigelegele mle mle ofisini.

“Bado kidogo, mama. Mfumo umetuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako. Nitajie tu, nimalize.”

Severina akatoa simu yake ya tochi, akaikodolea macho. Hakukuwa na kitu. Kisha akakumbuka ni namba ya nani iliyoandikwa kwenye tiketi.

Akampigia Godfrey. Mteja hapatikani. Akampigia tena. Hapatikani. “Mtandao wa Kiomboi huu,” akasema, jasho likimtoka na kiyoyozi kikivuma.

Catherine akapiga kwa simu ya ofisi. Ikaita mara moja tu, ikapokelewa. Akaiweka spika wasikie wote.

“Kaka Godfrey, habari za kazi? Kuna namba imeingia kwenye simu yako sasa hivi. Naomba unitajie.”

“Nikutajie namba?”

“Ndiyo, kaka. Haraka kidogo, nafasi inashikiliwa kwa muda mfupi.”

“Dada yangu, tafuta kazi halali,” akasema Godfrey. “Namba za siri hazitajwi kwenye simu. Hata bibi yangu kijijini anajua hilo.” Akakata.

Na umlaumu kwa lipi? Redioni kila siku wanatangaza: ukipigiwa na mtu usiyemjua akuombe namba iliyoingia kwenye simu yako, huyo ni tapeli. Nchi nzima imeibiwa hivyo. Catherine akapiga tena, akakatiwa. Akapiga ya tatu, na safari hii Severina akamnyang'anya simu.

“Godfrey! Ni mimi! Taja hiyo namba!”

Sauti ile Godfrey aliijua. Angeijua hata kaburini. “Mama? Lakini mbona hukupiga kwa simu yako?”

“Napiga tangu saa ile hupatikani!”

Godfrey akashusha sauti. “Nilikublok, mama. Tangu jana jioni. Nilishindwa kufanya kazi, mama. Nilishindwa hata kula.”

Akazitaja zile namba, moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayesoma majina ya watakaozikwa. Catherine akaziandika, akabonyeza, akasubiri. Kisha akaondoa mikono kwenye mashine.

“Muda umepita, mama. Nafasi imechukuliwa.”

Severina akafungua kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kukamua alizeti, hakikutoka kitu.

Urbano alipopigiwa simu alimwambia apande treni ya Dar jioni ile ile, na kwa vile asiyepanda ndege ya Dodoma hata tiketi yake ya Mtwara inafutwa, asubuhi atafute basi la kusini, labda litapita. Severina angeweza. Lakini Catherine alikuwa amesema aje uwanjani alfajiri, kuna watu huwa hawatokei, na Severina alikuwa na karatasi yenye jina lake na picha ya ndege juu. Aliona ni dhuluma kuiacha tiketi yake wazi wazi akakimbilie matope. “Nimelipiwa ndege,” akamwambia kaka yake, “nitakwenda na ndege.” Ndivyo alivyo. Haki yake akiishika haiachii, hata kama inamburuza.

Ijumaa alfajiri alisimama uwanjani na begi lake, akimtazama kila aliyeingia kama mtu anayemwibia. Akamwombea mmoja achelewe, apitiwe na usingizi tu; ajali hakumwombea, ukweli usemwe, hakufika huko. Wote walikuja. Hata yule wa mwisho, aliyeingia anakimbia huku kamba za viatu zimefunguka, walimngojea. Abiria wa watu wanangojewa! Ndege ikapaa mbele ya macho yake, ndogo kuliko alivyodhani, na ndege nyingine ya Mtwara ilikuwa ni ile ya Jumapili.

Jumamosi asubuhi alikuwa stendi ya mabasi ya Dodoma, kwenye benchi, akingoja gari la kurudi nyumbani, maana Ijumaa hakukubali kuondoka uwanjani mpaka jioni. Simu ikaita. Alikuwa Urbano.

“Dada, huku kumeharibika. Magari yamefika, kanisani wanatungoja, na huyu mtoto amejifungia. Anasema hatoki mpaka wewe uje. Mama yake mdogo Klara yuko naye mle ndani, amebembeleza mpaka amechoka.”

Severina alisikia raha kwanza, na ni vyema isemwe. Raha tupu, tamu, ilimpanda kifuani. Mlango umefungwa kwa ajili yake! Wangojee na wao, waone inavyokuwa. Angeweza kusema neno moja tu, harusi ikasogezwa mpaka Jumapili, na Mtwara nzima ingejua shangazi ni nani.

“Mpe simu,” akasema.

Akasikia mlango unagongwa, watu wanasukumana, kisha pumzi za mtu anayelia.

“Shangazi, shikamoo.”

“Marahaba. Umevaa?”

“Nimevaa.”

“Nywele zimekaaje?”

“Wamenisuka wao. Shangazi, mimi sitoki na mtu mwingine. Uliniahidi.”

Severina akafumba macho. Pale stendi mpiga debe mmoja alikuwa anaita Singida, Singida, karibu na sikio lake, na safari hii hakumfokea.

“Nilikuahidi, na nimeshindwa. Nimeshindwa, mwanangu, nimegombana na kila mtu na bado nimeshindwa. Sasa nisikilize. Wewe unajua dada wa baba yako ni nani?”

“Ni wewe.”

“Nani anasema utoke au usitoke?”

“Wewe.”

“Basi mpe mama Klara mkono wako wa kulia. Umempa?”

“Nimempa.”

“Huo ni mkono wangu, nimemwazima. Toka.”

“Shangazi...”

“Flora. Toka, mwanangu. Usigeuke nyuma.”

Akasikia kitasa kikizungushwa. Akasikia vigelegele vikipasuka, vingi, vya wanawake asiowajua, na sauti ya Urbano ikisema kitu ambacho hakikufahamika. Kisha simu ikakatika, pengine salio, pengine mtu aliibonyeza kwa kukumbatiana.

Severina akakaa vile vile na simu sikioni, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, wala hakuyafuta. Mzee mmoja aliyekuwa upande wa pili wa benchi akasogea, akavua kofia yake.

“Pole sana, mama. Umefiwa?”

“Hapana, baba,” akasema Severina. “Nimeozesha.”