Barabara Iliyopita Sebuleni

Kulikuwa na fundi cherehani, watu wakimwita Mwenye Njia, aliyeishi katika nyumba iliyojengwa katikati ya barabara ya zamani. Si kando. Katikati. Ukitoka sokoni unaifuata hadi kizingitini, unapita sebuleni kati ya cherehani na meza ya kulia, unakunja kidogo kulikwepa kabati la vyombo, unatokea mlango wa nyuma, na barabara inaendelea zake hadi kisimani.

Lawama ni za babu yake. Mzee yule alinyeshewa njiani, akasimika nguzo ajikinge mpaka mvua ikatike. Haikukatika upesi, akaongeza kuta. Akaona si vibaya, akaoa. Wenyeji walipomjia juu, akaapa kwamba milango yake miwili haitafungwa mchana, si na yeye wala na kizazi chake. Nao wakamwonya: barabara ile ina kisirani, ikizuiwa hapa itahamia kwa jirani.

Na kweli haikuwa barabara ya kuchezea. Kuna waliosema ilichorwa na ndugu wawili waliogawana dunia kwa kuburuta fimbo ardhini, ila mmoja alikuwa amelewa, ndiyo maana ya zile kona. Kinyozi, jirani wa fundi, alishikilia kwamba ilichimbwa na nyayo za bibi harusi aliyemkimbia mumewe. Kila akifika mbali anakumbuka kitu: anarudia sufuria, anaondoka; anarudia mfuniko, anaondoka.

"Vitu vilipokwisha," kinyozi alisema, "njia ilishakuwa pana, watu wakaona aibu kutoitumia."

Fundi alizaliwa humo. Wateja aliwapima kiuno wakitembea. Hata mkewe alimpata hivyo hivyo: alikuwa akipita na ndoo kila siku, siku moja akaitua. Mama huyo akavumilia miaka mingi, mpaka alipougua homa akajilaza mkekani sebuleni. Akatokea mwashi na toroli la matofali.

"Hodi. Shikamoo mama, pole na homa."

"Marahaba baba, nishapoa."

"Basi kunja miguu kidogo, toroli lipite."

Akakunja. Nyuma ya toroli walikuja mbuzi wa mtu. Mmoja akasimama akamtazama machoni muda mrefu, kama daktari.

Alipopona hakugomba. Alifungasha begi, akaliweka kitini.

"Mume wangu, nimechoka kuishi barabarani. Funga milango, la sivyo kesho nitapita humu kama wengine, na sitarudi."

"Na kiapo cha babu?"

"Babu yako amelala mahali hapapiti mtu. Kamuulize kama atakubali tubadilishane."

Fundi alimpenda mkewe kuliko alivyojua kusema. Asubuhi akapigilia makomeo. Mama akaenda sokoni kununua pazia, njia nzima anaimba, na nyuma yake milango ikafungwa.

Wa kwanza kukwama alikuwa muuza mkaa. Akatua gunia, akasubiri. Nyuma yake wakajipanga wengine, na upande wa kisimani vivyo hivyo. Kandokando ya nyumba kulikuwa na uwanja mtupu, nyasi fupi, hata gari lingepita.

"Si tuzunguke tu?" mmoja aliuliza.

"Tuzunguke tupite wapi? Barabara ni hii."

Kinyozi alikuwa ameshatoa kitanda chake nje, barabara isije ikahamia kwake ikakikanyaga. Mwishowe akaja askari wa trafiki. Akaagiza kila mtu abishe hodi mara moja, asipofunguliwa arudi nyuma ya foleni.

"Mwenye Njia," muuza mkaa aliita mlangoni, "kwani ni matengenezo?"

"Ni matengenezo," fundi alijibu kutoka ndani, jasho likimtoka, na kwa namna yake hakusema uongo.

Mama akarudi na pazia kwapani. Akajaribu kupenya, trafiki akamzuia.

"Mama, foleni."

"Mimi nakaa pale."

"Kila mtu ana anakokaa."

"Nyumba ile ni yangu, jamani."

"Kuta na paa, sawa, ni vyako," trafiki alisema kwa upole. "Chini ni barabara."

Akasimama. Jua likamkalia utosini. Mwashi akamgeuzia toroli akae, akamuuliza kama homa imekwisha kabisa. Mama akaona haya kumjibu kwa ukali. Zamu yake ikafika.

"Hodi."

"Nani?"

"Mkeo."

"Nikikufungulia wewe nimewafungulia wote, mke wangu. Na begi lako lipo hapa kitini. Nifanyeje?"

Mama akageuka nyuma. Foleni nzima ilikuwa ikimtazama, mbuzi wakiwemo, na hakuna aliyemhimiza.

"Chukua ile chaki yako ya kukatia nguo," alisema. "Piga mstari sakafuni, mlango hadi mlango. Cherehani na wewe mbaki barabarani. Meza, kabati na mimi tuko nyumbani. Halafu ufungue."

Wakasikia chaki ikikwaruza, kisha komeo.

Siku hizi ukipita humo, mkono mmoja unamwona fundi na cherehani yake, mkono wa pili kuna pazia refu, limenyooka juu ya mstari. Mbuzi hawalivuki. Ukiamkia, pazia linaitikia marahaba, linakuuliza habari za huko utokako, na kama una mzigo mpana, linakuomba utembee kiubavu.