Ubavu wa Kushoto wa Meneja

Nilipokuwa mtoto tukiishi Kianda, upande mmoja wa Kibera, miaka michache baada ya Uhuru, baba yangu alinunua farasi. Watu nikiwaambia hivyo huniuliza kama sikumaanisha punda. Sikumaanisha punda. Najua tofauti ya farasi na punda, na asiyetaka kuamini aachie hapa hapa, tusipotezeane wakati.

Baba alikuwa akivuta mkokoteni kwa mikono yake. Alibeba makaa na mbao kutoka Kawangware hadi Kibera, mwaka baada ya mwaka, mpaka mgongo ukaanza kumkatalia. Ndipo akasikia kwamba kuna Mzungu upande wa Karen anayehama nchi, na amebaki na farasi mmoja mzee asiyemtaka. Nilifuatana na baba kwenda kumwona. Mauzo yalisimamiwa na saisi, yaani mtunza farasi, mtu mrefu mwenye maneno matamu, na hata sasa ninaweza kukuonyesha alivyosimama. Alisimama upande wa kushoto wa yule mnyama, na hakubanduka. Gunia lilikuwa limetupwa mgongoni likaning'inia mpaka chini ya mbavu. Kila baba alipotaka kuzunguka, saisi alimshika mkono.

"Huku, mzee, njoo huku kulia kwenye mwanga. Ona meno. Ona mguu huu. Si unaona mguu?"

Baba akaona meno, akaona mguu. Meno yalikuwa yapo, miguu minne yote ilikuwa mizima. Hakuna neno hata moja la uwongo lililosemwa pale, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Watu wa ploti yetu walimwita Meneja, kwa kuwa, walisema, ana shingo ndefu, anakula vizuri, na kazi huiangalia kwanza kabla ya kuigusa. Baba alimfunga kwenye nguzo nyuma ya ploti, uso ukielekea ukutani. Akisimama hivyo, kulia kwake kulikuwa na vyumba vyetu sote pamoja na mfereji wa maji. Kushoto kwake kulikuwa na mlango mmoja tu, wa mama mmoja mjane asiye na mtoto, aliyepika githeri, mahindi na maharagwe, ya kuuzia mafundi. Jina lake lilikuwa Selina, lakini Wajaluo humwita mwanamke kwa kwao alikozaliwa, nasi Waluhya tukafuata: Nyar Ugenya, binti wa Ugenya.

Nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa amekuja kutoka Vihiga kutibiwa macho. Siku Meneja alipoletwa, nyanya aliongozwa hadi pale, akampapasa pua. Kisha akasema kwa lugha yetu: "Huyu amewahi kukaribia kufa, akarudi. Mnyama aliyerudi huona kilicho ndani ya mtu. Mkono atakaoukataa, uogopeni."

Mama, ambaye alikuwa mtu wa kanisa, alimwambia nyanya aingie ndani kabla uji haujapoa. Lakini palikuwa na wanawake mferejini, na kabla ya jioni maneno yale yalikuwa yameenea Kianda nzima. Nyanya alirudi nyumbani juma lililofuata. Maneno yake yakabaki.

Kazi yangu ilikuwa kumsaidia baba kumvika Meneja. Yeye alisimama kulia kufunga bizimu; mimi, kwa kuwa ni mdogo, niliinama upande wa kushoto kumpitishia mkanda wa tumbo. Siku ya tatu, baba alipokuwa ameenda kuchukua hatamu, nilijaribu kuupitisha peke yangu. Meneja aligeuza kichwa akaniuma mkono, hapa juu ya kifundo. Sikulia. Nilikuwa mtoto mkali, nilipigana na wavulana, na ninge­mrudishia farasi yule teke kama ingekuwa siku nyingine. Lakini nilikumbuka maneno ya nyanya, nikaushusha mguu.

Nikajipekua. Nilikuwa nimeiba sukari. Nilikuwa nimemtukana mama moyoni, zaidi ya mara moja. Je, ndicho alichokiona? Nikashusha mkono wa sweta, na baba aliporudi nikasema nimejikwaruza kwenye bati. Tangu siku hiyo nilipitisha mkanda kwa kijiti, na mkono wa sweta sikuukunja, hata jua likiwaka.

Nyar Ugenya naye alimpenda Meneja kuliko sisi sote. Kila asubuhi alitoka na karai la maganda ya mahindi. Na kila asubuhi Meneja alilaza masikio nyuma, akamrukia kwa meno mpaka kamba ikakaza. Yeye alirudi nyuma akicheka.

"Ai, Meneja! Hata leo hujaniandika kazi?"

Waliokuwa mferejini walicheka pia. Halafu, sijui ni siku gani, wakaacha kucheka.

Mvua za masika zilipokuja, watoto wengi wachanga walishikwa na tumbo kule Kianda. Maji tuliyokunywa tuliyajua yalikopita, kando ya vyoo. Mama Ayub, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa na kachanga ka miezi tisa, na Nyar Ugenya alikuwa na desturi ya kukapondea maharagwe laini. Kale katoto kaliharisha siku mbili, kakafa. Nilikuwa nimekabeba mgongoni mara nyingi. Sitaki kuandika zaidi juu yake.

Jumapili baada ya mazishi, mchana, watu wa ploti walikusanyika uani. Nyar Ugenya aliitwa akatoka, bado ana mwiko mkononi. Mzee Musa, aliyemkusanyia mwenye ploti kodi, ndiye aliyesimama mbele. Akanitafuta kwa macho.

"Rebeka, wewe ndiwe unashinda na huyo farasi. Na sisi tunakujua, huna uwongo. Amewahi kumkataa huyu mama?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Kila siku."

Mama Ayub alitoa sauti, si kilio, ni kama mtu aliyepigwa tumboni. Mimi nilikuwa nimeushika mkono wa sweta yangu, naukaza. Nyar Ugenya alinitazama, kisha akautazama ule mkono wa sweta. Aliutazama kwa muda. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikuwa nimeliwaza kabisa: mlango wake ndio uliokuwa peke yake upande wa kushoto. Siku ile niliyoumwa, alikuwa ameketi pale akichambua maharagwe. Aliona.

Angesema neno moja tu. Nilingoja alitamke. Hakulitamka. Aliniondolea macho, akamwambia Mzee Musa, "Nimesikia. Niacheni nitoe vitu vyangu mwenyewe."

Hawakumwacha. Sufuria ya githeri ilimwagwa, godoro likatupwa matopeni, mtu akavunja mlango uliokuwa wazi. Baba alijaribu kuwazuia, akasukumwa, akateleza. Mama alishika mlango wetu akawa anaomba kwa sauti. Nyar Ugenya aliondoka na mvua, karai kichwani, lile lile la maganda ya mahindi, akishika njia ya Kawangware.

Jumatatu asubuhi sikwenda shule. Nilikwenda nikasimama mbele ya Meneja kwa hasira, nikitaka aniambie aliona nini. Hakuniambia kitu. Alikuwa na matope ubavuni, kama kila asubuhi, na nilipochukua brashi nikagundua kile ambacho mikono yangu ilikuwa imekijua siku zote bila kichwa kujua: matope yalikuwa kulia tu. Sikuwahi hata siku moja kumsugua matope ubavu wa kushoto. Kwa nini farasi alale upande mmoja kila siku, hata pale panapotuama maji?

Nikaacha brashi nikakaa juu ya debe kumtazama. Sikuwa nimewahi kumtazama. Nilikuwa namhudumia tu. Alitafuna kidogo, akaacha. Alisaga meno pasipo na chakula. Kila baada ya muda aligeuza kichwa nyuma kushoto, akautazama ubavu wake, kisha akarudisha uso ukutani. Nyuma ya masikio palikuwa na jasho, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

Nikamwendea kushoto. Niliweka kiganja begani, nikakisogeza nyuma polepole. Ngozi ilitetemeka kama inayofukuza nzi, na nzi hawakuwapo. Nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, pale mkanda unapopita, palikuwa na joto la kikombe cha chai. Chini ya manyoya kulikuwa na uvimbe, si mkubwa, kama yai la kwale. Nilipougusa, Meneja aligeuka na meno yake, nami kwa mara ya kwanza nikaona macho yake vizuri. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akiutazama mkono.

Kwa tabia yangu ningepiga kelele pale pale. Lakini nani angenisikiliza? Nikamfungua Meneja, nikamgeuza, nikamfunga tena mgongo ukielekea ukutani. Sasa kushoto kwake kukawa kwa mfereji.

Kufika saa sita alikuwa amemrukia muuza makaa mmoja. Kisha akamrukia Mama Ayub mwenyewe, aliyepita na ndoo bila kumtazama mtu. Kisha akalikamata koti la Mzee Musa begani, akalichana mpaka mfukoni. Watu walisimama kila mmoja mlangoni pake. Nikamkimbilia baba.

Baba alipapasa ule uvimbe mara moja tu, akaondoa mkono, akasema, "Yule saisi alijua." Alichemsha wembe, wanaume watatu wakamshika Meneja, na baba akapasua. Usaha ulitoka mwingi, wenye harufu ya kutisha, na nyuma yake kikatoka kibanzi cha mti, kirefu kama kidole changu, upande mmoja bado una rangi nyeupe. Kibanzi cha ua wa mbao aliouangukia sijui lini. Ngozi ilikuwa imejifunga juu yake, manyoya yakaota, na gunia likamalizia. Meneja alitoa mguno, mrefu, wa chini. Kisha akaegemeza kichwa begani mwa baba.

Nyanya alisema kweli, basi. Alikuwa amekaribia kufa, akarudi.

Watu walikuwa bado wamesimama. Nikakunja mkono wa sweta, nikauinua juu, alama za meno zikionekana, na nikasema kwa sauti yangu yote kwamba Meneja aliniuma mimi kabla ya Nyar Ugenya, kwamba ni kidonda, kwamba yeyote aliyepita kushoto angeumwa, na kwamba nilijua nikanyamaza.

Nilingoja aibu iwaingie. Mzee Musa alilitazama koti lake, akasema yeye alirukiwa kwa sababu ya harufu ya sigara. Muuza makaa akasema farasi huogopa makaa, kila mtu anajua. Mama Ayub alikuja karibu. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. Aliushika mkono wangu, akazigusa zile alama kwa kidole kimoja, na akasema, taratibu, kama mtu anayehesabu:

"Kumbe mlikuwa wawili."

Mara nyingi nilikuwa nimekabeba kale katoto mgongoni. Hakuna aliyehitaji kulisema.

Hatukumaliza mwezi pale. Baba alipakia vitu vyetu kwenye mkokoteni, na Meneja, aliyekuwa ameanza kunenepa, alituvuta mpaka Kawangware bila kugeuza kichwa hata mara moja. Chumba tulichopata kilikuwa karibu na soko. Tulipokuwa tukishusha godoro, niliona mwanamke akitoka kwenye moshi wa jiko la nje. Alikuwa Nyar Ugenya. Alikuja moja kwa moja, upande wa kushoto, mikono mitupu. Akaweka kiganja juu ya kovu la Meneja, akakiacha hapo. Meneja alisimama tuli.

"Eh," akamwambia. "Leo umeniandika."

Alimsalimu mama. Alimsalimu baba. Nilisimama mbele yake na maneno yangu tayari, niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, naye akanipita kama anavyopitwa mtu asiyekuwapo. Tuliishi majirani miaka minne. Alitupa githeri tulipokosa, na mimi nikala. Hakuwahi kunitaja kwa jina.

Shule niliiachia darasa la nne. Mengine nimejifundisha mwenyewe, na watu wanaonijua hunisifu kwamba sina kona, kwamba nikiulizwa nasema. Huwa sipendi kusifiwa hivyo. Jumapili ile niliulizwa, nikasema, na kila nilichosema kilikuwa kweli, kama vile meno ya Meneja yalivyokuwa kweli na miguu yake minne. Nilikuwa tu nimesimama upande wa kushoto, na gunia langu mkononi.