Mkono wa Koko Juu ya Shimo

Juzi nilipita sokoni hapa Goma, nikanusa ndizi za pombe zilizoivishwa shimoni. Si harufu ya ndizi mbivu ya kawaida. Hii ina moshi ndani yake, ina majani makavu na udongo uliopata joto, na utamu unaokaribia kuchacha. Nilisimama katikati ya njia na mfuko wa maharagwe mkononi, hadi mama mmoja mwenye bidoni ya maji kichwani aliponiambia ama ninunue ama nisogee. Nikasogea, lakini akili ilikuwa imeshafika Kalembe, kijijini kwetu.

Naomba mnivumilie, maana kisa hiki kinanipa aibu mpaka leo, ingawa nakipenda. Nilikuwa na miaka tisa. Dada yangu Riziki alikuwa amechumbiwa, na ukoo wa mchumba ungekuja Jumamosi kutoka Ntoto kuleta mahari. Kwetu wageni wa namna hiyo hawakaribishwi kwa chai. Wanakaribishwa kwa kasiksi, pombe ya ndizi, na kasiksi iliyosifiwa pale kijijini ilikuwa ya Koko, mama mzazi wa baba yangu. Watu walivuka mto kuja kuionja. Wanawake wenzake walimwita akawapimie mashimo yao ya kuivishia ndizi, naye alikwenda huku akijifanya kulalamika kwamba hana nafasi.

Jumapili baada ya misa tukavumbika ndizi. Mikungu ya shamba letu isingetosha, kwa hiyo jirani akaleta ya kwake, tukachimba shimo kubwa kuliko yote niliyowahi kuona. Koko aliwasha moto ndani yake kwanza, akaacha udongo ushike joto, akatoa makaa, akatandika majani makavu ya mgomba, akapanga mikungu mibichi ikibanana, akafunika kwa majani na udongo kidogo juu. Alituambia kwamba mkungu mmoja uliotundikwa jikoni huiva taratibu, ndizi moja moja. Ukiibana mingi pamoja inapashana joto, na yote huiva kwa mkupuo. Amri ilikuwa moja: shimo halifunguliwi kabla ya Alhamisi.

Ningetii, nawaapia, kama si kaka yangu Désiré. Alikuwa likizoni kutoka sekondari ya Goma, na alikuja na kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kinachoeleza habari za anga. Kila mchana alikaa kwenye gogo nje ya jiko akinitafsiria, huku mimi nikimenya mihogo. Jumanne akafika mahali panaposema jinsi nyota zinavyozaliwa. Mimi nilidhani zote zilitundikwa siku moja wakati wa uumbaji, kazi ikaisha. Kumbe zinazaliwa hata leo! Huko juu, alisema, kuna mawingu makubwa ya gesi na vumbi, yenye baridi ambayo hata asubuhi za huku kwetu Masisi haziifikii. Sehemu ya wingu inaanza kujikusanya kwa uzito wake yenyewe, na kadiri inavyobanana ndivyo katikati yake inavyopata joto, hadi panawaka, na hapo pana nyota. Kwa kawaida zinatoka chache chache. Lakini mara nyingine makundi mawili makubwa ya nyota yanapitana karibu sana, mawingu yake yanabanwa, na nyota zinazaliwa nyingi mno kwa pamoja, mpaka gesi inakwisha.

"Nani aliona?" nikauliza.

"Hakuna muntu. Vumbi inafunika yote, macho haipite."

"Sasa banajua namna gani?"

Désiré akafunua ukurasa unaofuata. Haukuwepo. Kitabu chenyewe alikipata njiani kwa muuza karanga wa Mpofi, na bila shaka ukurasa ule ulikuwa umeshafungiwa karanga za mtu. "Hapa haiko," akasema, akafunga kitabu, akaenda kuoga mtoni.

Akaniacha na swali hilo, mimi niliyekuwa nikifunua hata chungu cha jirani nione kinapikwa nini. Shimo lilikuwa hatua chache kutoka pale: mikungu imebanana, imefunikwa, inapata joto gizani. Koko alikuwa kwenye shamba la maharagwe upande wa pili wa kilima. Nikajiambia nitafunua kidogo tu. Nikaondoa udongo, nikainua jani moja, kisha la pili. Mvuke wa vuguvugu ukanipiga usoni, ukapanda, ukapotea kwenye ukungu. Ndizi zilikuwa za kijani. Nikafunua zaidi, nikachuchumaa pale muda mrefu nikisubiri kuziona zikigeuka, na haikugeuka hata moja. Nikarudisha majani na udongo haraka haraka, nikanawa mikono, na jioni ile nikawa mtoto mwema kuliko watoto wote wa Kalembe.

Asubuhi ya Jumatano Koko aliweka kiganja juu ya majani. Akatulia. Akakihamisha, akatulia tena, na uso wake ukabadilika. Kisha akatazama majani niliyoyapanga ovyo, na nyayo ndogo kwenye udongo. Nikaanza kutafuta kwa macho fimbo iko wapi.

"Furaha, kuya hapa. Weka mukono."

Nikaweka.

"Unasikia nini?"

"Iko baridi, Koko."

"Ndio vile. Shimo habafungulake juu ya kuona. Macho haipite mu majani, lakini moto inapita. Mukono ndio inaona."

Alileta makaa, akayazungushia pembeni, akafunika upya, na tangu hapo asubuhi na jioni akaniita niweke mkono. Joto lilirudi, lakini lilikuwa limechelewa. Alhamisi hatukuwa na la kufanya, tukafungua. Nusu ya ndizi zilikuwa bado ngumu. Tulikamua zilizoiva, tukaongeza maji kuliko ilivyofaa, tukatia unga wa mtama uliokaangwa, tukamwachia Mungu yaliyobaki.

Jumamosi wageni wakanywa. Walikunywa kwa adabu, kimya kimya, na ninyi mnaojua karamu zetu mnakijua kimya hicho. Mwishowe baba mkubwa wa mchumba, mtu wa kicheko kikubwa, akasema, "Koko, hii kasiksi yenu iko sawa mayi ya mutoni!" Watu wakacheka. Baba hakucheka. Kwake ilikuwa aibu ya nyumba nzima, mbele ya wakwe, na alipomgeukia mama yake nilijua swali linalokuja: ni nani aliyefungua shimo. Riziki aliinamisha kichwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Koko akainua kiganja chake cha kulia, akawaonyesha wote.

"Mukono yangu ilishazeeka," akasema. "Haisikie tena moto. Mutanisamehe, bageni."

Kicheko kikageuka huruma. Mahari ikapokelewa, Riziki akaolewa, na leo ana watoto watano wenye kelele. Lakini tangu siku ile wanawake waliacha kumwita Koko kwenye mashimo yao. Walisema bibi wa watu amechoka. Yeye mwenyewe akawaambia kwamba mjukuu wake ana mkono mzuri, basi wakaanza kuniita mimi. Nilitembea kifua mbele! Mtoto wa miaka kumi, ninawapimia watu wazima ndizi zao! Koko nilimhurumia kidogo, kama vile mjinga anavyomhurumia anayemzidi.

Baadaye nilisoma fizikia, na sasa naifundisha. Siku nilipoelezwa kwamba zipo darubini zinazopokea joto badala ya mwanga unaoonekana, na kwamba kwa hizo wataalamu huzikuta nyota changa ndani kabisa ya mawingu ya vumbi, nilicheka peke yangu darasani hadi profesa akauliza kuna nini. Ukurasa ulioliwa na karanga nilikuwa nimeshausoma nikiwa na miaka tisa, kwa kiganja. Wanafunzi wangu ninawaambia hivyo, nao hucheka, lakini kwenye mtihani hawalikosi swali hilo.

Jambo jingine nililielewa kwa kuchelewa zaidi. Mwaka jana nilikwenda Kalembe bila kutoa habari, nikafika asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa kwenye migomba. Koko alikuwa amechuchumaa kwenye shimo lake, kiganja juu ya majani, macho ameyafumba. "Kesho," nikamsikia akijisemea, "mbele ya saa sita." Alipogeuka na kuniona, akauficha mkono ndani ya kitenge. Kesho yake kabla ya saa sita tulifungua. Ndizi zote zilikuwa za njano.

Nilisimama pale nikikumbuka miaka yote niliyoitwa kuweka mkono, na jinsi Koko alivyokuwa daima ameshafika kwenye shimo letu la nyumbani kabla yangu. Jina lake la milima yote ile alilitoa sadaka mbele ya wageni ili mtoto wa miaka tisa asichapwe. Hakuwahi kuniuliza kama ni mimi, wala mimi sikuwahi kumwomba msamaha.

"Koko," nikasema, "kumbe mukono haikuzeeka?"

Akakitazama kiganja, akakipangusa udongo kwenye kitenge.

"Ilizeeka," akasema. "Siku moja tu."